Tuendapo Fort Jesus tusiyaache masikio nyumbani

Wahenga walinena kwamba tembea uone. Sina haja ya kuwapinga. Hata hivyo, kila niyaonapo mabasi ya shule na vyuo yakimiminika mjini Mombasa kwa ziara za masomo, hunijia wazo kwamba kuna jambo ambalo methali hiyo haikulitaja nasi tumelisahau. Tunawatembeza wanafunzi wetu, wanaona, wanapiga picha, wanarudi. Kusikia je?

Mimi ni mhadhiri wa isimu. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimewafunza walimu watarajiwa wa Kiswahili, na katika muda huo nimeingia Fort Jesus mara nyingi hata nikaacha kuzihesabu. Nilidhani naijua ngome ile kama niujuavyo ua wa nyumba yangu. Muhula uliopita niligundua kwamba nilikuwa nikijidanganya, na aliyenifumbua macho ni bi kizee ambaye mpaka leo sijapata kumtia machoni. Naomba radhi kwa msomaji iwapo kisa hiki kitaonekana kuwa changu binafsi. Nakisimulia kwa sababu kosa nililolitenda siku hiyo ni kosa tunalolitenda walimu wengi, na wala hatujui kuwa ni kosa.

Ilikuwa siku ya Jumamosi. Tuliondoka Kilifi saa kumi na mbili unusu asubuhi, mimi na wanafunzi 38, katika basi moja. Kutoka Kilifi hadi Mombasa ni mwendo wa takriban kilomita 60, kwa hivyo tulitarajia kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimemwandalia kila mwanafunzi karatasi ya kurasa mbili iliyosheheni miaka na majina: nani alijenga, nani alizingira, nani alipokonya. Naungama kwamba niliionea fahari karatasi hiyo.

Tulipokuwa tukipita Vipingo, simu ya msichana mmoja aliyeketi nyuma yangu ikalia. Aliyepiga alikuwa nyanyake. Walizungumza kidogo, kisha msichana akaniambia huku akitabasamu kwa haya:

"Mwalimu, nyanya auliza twaenda Gereza kufanyani. Asema kule si mahali pa watu kwenda kutembea."

Basi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Kisha, kwa kuwa kusahihisha ni maradhi ya walimu yasiyo na dawa, nikatamka kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwambie nyanya mambo yamebadilika. Si gereza tena, ni makumbusho."

Msichana yule hakujibu. Aliitia simu mkobani akageukia dirisha, akawa anayatazama mashamba ya mkonge. Nami nikaendelea na mazungumzo yangu, nisijue nimefanya nini.

Tuliwasili mapema, kabla jua la Mombasa halijaanza kuchoma. Nje ya ngome wachuuzi walikuwa wakipanga madafu na mabuyu yao. Tulilipa kiingilio, tukampata kiongozi wa wageni, mzee mpole mwenye kofia ya kiua, ambaye aliposikia kwamba sisi ni watu wa Kiswahili alifurahi kama aliyekutana na jamaa zake.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajabahatika kufika pale, hebu nieleze kwa ufupi. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596, wakati ambapo taji la Ureno lilikuwa mikononi mwa Mfalme Philip wa Uhispania. Aliyeichora ramani yake ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya kale, nayo ina buruji nne: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Anayeitazama kutoka angani huona umbo linalofanana na mwanadamu aliyelala chali, kwa kuwa wasanifu wa Ulaya wa karne ile waliamini kwamba mwili wa mwanadamu ndio kipimo cha jengo kamilifu. Mnamo mwaka wa 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia.

Kuta hizo zimeona mengi. Mwaka wa 1631 Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliwageukia walezi wake na kuiteka ngome. Wareno walirejea mwaka uliofuata. Juu ya lango kuu hadi leo yapo maandishi ya Kireno ya kumsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka wa 1635. Mwezi Machi 1696 jeshi la Oman liliizingira, na mazingira hayo yalidumu miezi 33, mpaka Desemba 1698. Njaa na maradhi viliwaua wengi kuliko risasi. Merikebu ya Kireno iliyoitwa Santo António de Tanna, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama karibu na ngome mwaka wa 1697, na baadhi ya vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980 vinaonyeshwa humo ndani. Wareno waliirudia ngome kwa muda mfupi mwaka wa 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Baadaye ikawa makao ya Wamazrui, ambao waliitawala Mombasa hadi Seyyid Said alipowashinda mwaka wa 1837. Mwaka wa 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga ili kumtoa akida aliyekuwa amemwasi Sultani wa Zanzibar. Na mwaka wa 1895, Waingereza walipoishika nchi, waliigeuza kuwa jela.

Hayo yote yalikuwa katika karatasi yangu. Ajabu ni kwamba, kwa sababu yalikuwa katika karatasi, wanafunzi hawakuyatazama katika ukuta. Niliwaona wakitembea wameinamisha vichwa, kalamu mkononi, wakipiga mistari chini ya miaka. Tulipofika mbele ya michoro ya merikebu ambayo Wareno waliichora ukutani karne nyingi zilizopita, kijana mmoja aliniuliza kwa unyenyekevu: "Mwalimu, hili litatahiniwa?"

Sikumlaumu. Ndivyo tulivyomlea.

Aliyeiokoa asubuhi yetu ni yule mzee kiongozi. Alisimama ukingoni akaelekeza kidole chini, kwenye shimo refu lililochimbwa kuizunguka ngome upande wa bara, akauliza: "Hili laitwaje?" Kimya. Kijana mmoja akajibu kwa Kiingereza. Mzee akatikisa kichwa. "Nimeuliza kwa Kiswahili." Kati ya walimu watarajiwa 38 wa Kiswahili, wawili tu ndio waliothubutu kutamka kwamba lile ni handaki.

Hapo nikapata la kusema. Niliwaomba wazikunje karatasi zangu wazitie mifukoni, tukaanza kuisoma ngome kwa maneno yake. Handaki ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kwa Waajemi. Buruji ni la Kiarabu, kadhalika risasi na askari. Bendera iliyopepea juu ya buruji ni neno la Kireno, na vivyo hivyo meza waliyolia makapteni, mvinyo waliounywa, karata walizocheza wakisubiri merikebu kutoka Goa, na leso, ambayo leo ni vazi la heshima la mama zetu wa pwani. Tulipoufikia mzinga mmoja wa chuma uliolazwa juu ya ukuta, niliwauliza neno hilo lilitoka wapi. Walitaja Ureno, wakataja Uarabuni. Kijana kutoka Kitui, ambako mizinga ya nyuki huchongwa kwa magogo na kutundikwa mitini, akapaza sauti: "Lakini Mwalimu, huu si mzinga wa nyuki?" Naam, ndio huo huo. Mswahili alipokiona chombo cha mgeni, kirefu, cha mviringo, chenye uwazi ndani na kitu kiumacho kitokacho mdomoni, hakuazima jina. Alitazama mitini kwake akakipa jina la kitu alichokijua.

Wanafunzi walichangamka. Walianza kuulizana, kubishana, kugusa mawe. Nami, kama mjuavyo walimu tukionwa tunajua, nikavimba kichwa. Tulipofika mahali ambapo palikuwa na kanisa la Wareno ndani ya ngome, niliwapanga nusu duara ili niwape somo nilipendalo kuliko yote.

Neno gereza, niliwaambia, halikuanza na minyororo. Wataalamu wanakubaliana kwamba linatokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Kiswahili kiliidondosha irabu ya mwanzo. Kisha, kwa kuwa lugha yetu kwa asili haipendi konsonanti mbili kama g na r zifuatane bila irabu kati yake, ikachopeka e. Sauti ya Kireno iliyoandikwa kwa j ikawa z. Igreja ikawa gereza. Lakini maana nayo ilisafiri. Ndani ya ngome mlikuwa na kanisa; watu wa mji wakaiita ngome nzima kwa jina la kanisa lililokuwamo. Ndiyo sababu kule Kilwa Kisiwani, nchini Tanzania, ngome ya kale ya ufuoni yaitwa Gereza hadi leo. Ndiyo sababu kamusi za karne ya 19 zililifasiri neno hili kwa maana mbili, ngome na jela. Ngome zilipotumiwa kuwafungia watu, maana ya ngome ikafifia ikabaki ile ya kifungo. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka wa 1821, nayo ilitumiwa kama jela hadi mwaka wa 1984. Leo serikali ina idara nzima ya magereza, na ndani ya magereza hayo mna makanisa ya wafungwa kusalia. Neno limezunguka likarudi lilikoanzia, niliwaambia, na wanafunzi wakapiga makofi.

Msichana wa nyanya hakupiga makofi.

Tulipopumzika kula, wanafunzi wakiwa wametawanyika kivulini na mihogo yao ya kukaanga, alinijia akasimama kando kwa adabu. Nilimkaribisha aketi. Alikawia kidogo kisha akasema:

"Mwalimu, babake nyanya alifungwa humu."

Nikaliweka dafu langu chini.

Alinisimulia kwa maneno machache, kama watu wasimuliavyo jambo ambalo nyumbani halisemwi sana. Ilikuwa katika miaka ya mwisho ya jela ile. Nyanyake alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Mamake alikuwa akimshika mkono wakija mpaka langoni na kikapu cha chakula. Askari akikipokea kikapu, wao wakibaki nje juani wakingoja kirudishwe kitupu. Kikapu kitupu ndicho kilichokuwa habari yao: maana yake, angali hai na amekula. Kuingia hawakuingia kamwe. Baba yule alifunguliwa baadaye akarudi kwake, lakini mpaka siku ya kufa kwake hakutamka neno juu ya mahali pale.

"Kosa lake lilikuwa lipi?" nikauliza.

"Nyanya hakuambiwa."

Kisha akaongeza, bila lawama yoyote katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: "Ndiyo maana hapaiti kwa jina jingine."

Wasomaji wapenzi, nina shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha. Nimeandika na kufundisha kuhusu mabadiliko ya maana. Nilikuwa nimetoka tu kupigiwa makofi kwa kueleza jinsi neno gereza lilivyohama kutoka kanisani hadi kifungoni. Na asubuhi hiyo hiyo, ndani ya basi, mtu aliyelishuhudia neno hilo likiwa jina la mahali hapo hasa alikuwa amelitamka, nami nikamsahihisha. Nilimsahihisha shahidi. Nyanya hakuwa amepitwa na wakati. Kumbukumbu za serikali zenyewe zasema kwamba Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikachimbuliwa chini ya uongozi wa mwanaakiolojia James Kirkman na kufunguliwa kuwa makumbusho mapema katika miaka ya 1960. Jina la makumbusho ni la juzi. Jina la nyanya ni la kale kuliko karatasi yangu.

"Nilikosa, mwanangu," nikamwambia. "Mwambie nyanya kwamba mwalimu amekosa."

"Mwambie mwenyewe, Mwalimu," akasema, akabonyeza simu akanikabidhi.

Sikuwa na pa kukimbilia. Sauti iliyopokea ilikuwa nyembamba lakini imara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye mwalimu?"

"Ndiye, mama. Asubuhi nilisema neno lisilofaa. Nilisema hapa si gereza. Naomba radhi."

Alinyamaza kidogo. Aliponena tena, hakunijibu juu ya radhi. Aliuliza: "Lile lango lingalipo?"

"Lingalipo, mama."

"Nanyi mwaingia mwatoka?"

"Twaingia twatoka. Ni kulipa kiingilio tu."

"Mwalipa mpate kuingia!" Nilimsikia akicheka, kicheko cha mtu mzima aliyeona mengi. "Baba aliingia bure. Kazi ilikuwa kutoka." Kisha akatulia. "Basi mwambie huyo mjukuu wangu anitazamie huko ndani palivyo. Mimi sikupita lango."

Msichana alizunguka ngome nzima mara ya pili, safari hii peke yake, bila karatasi. Sikumfuata. Nilimwona kwa mbali akisimama hapa na pale, simu sikioni, akizungumza polepole.

Njiani tukirudi nililirudia somo langu akilini, nikaona palipopungua. Nilikuwa nimeeleza jinsi sauti zilivyobadilika, lakini sikuwa nimeuliza ni nani aliyezibadilisha. Wareno waliokuwa ndani ya kuta waliliita kanisa lao igreja na maana yake kwao ilikuwa sala. Watu wa Mombasa walilipokea neno lakini sala hawakuipokea, na hata Wakristo wa pwani walipohitaji jina la nyumba ya ibada, Kiswahili kiliwapa kanisa, neno la asili ya Kiarabu. Kwa nini? Yamkini ni kwa sababu walilisikia neno lile wakiwa wamesimama nje. Kilichowaelekea wao ni ukuta, lango, mlinzi na mdomo wa mzinga. Maana ya neno gereza haikuamuliwa na waliojenga ngome wala na walioandika sifa zao juu ya lango. Iliamuliwa na watu waliosimama nje, kizazi baada ya kizazi, na wa mwisho wao katika safu hiyo alikuwa mtoto wa miaka minane aliyekuwa akingoja kikapu.

Hili ndilo ninalotaka kuwaambia walimu wenzangu. Lugha ni kumbukumbu ya waliosimama nje. Majina ya makapteni na masultani yatasomwa vitabuni hata tusipofunga safari. Maneno ya nyanya zetu hayamo vitabuni, na kila mwaka yanapungua.

Najua yatakayosemwa. Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari, aliniambia niliporudi kwamba mtihani hauna huruma. Kwamba tukianza kuyakaribisha maneno ya mitaani na ya wazee, Kiswahili sanifu kitaporomoka. Na kwamba kumbukumbu ya mzee yaweza kupotoka. Hoja zake si za kupuuzwa, nami nitazijibu moja moja.

Kuhusu usanifu, tukumbuke kwamba uamuzi wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulipitishwa mwaka wa 1928 katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, nyumbani kwa Kimvita. Siupingi uamuzi huo. Ndio uliotuwezesha kuwasiliana kutoka Lamu hadi Kigoma. Lakini usanifu ulikuwa chombo cha kutuunganisha, haukuwa amri ya kuwanyamazisha wazee. Toka nje ya Fort Jesus uingie Mji wa Kale, utakuta barabara iitwayo Ndia Kuu. Mwanafunzi akiandika "ndia" katika insha yake, kalamu nyekundu itamshukia mara moja. Je, tutaisahihisha na barabara? Mwalimu mwema hamfichi mwanafunzi kwamba katika mtihani ataandika njia. Lakini humweleza pia kwamba ndia si kosa, ni Kimvita, lahaja aliyoitungia Muyaka bin Haji mashairi yake katika enzi ya Wamazrui.

Kuhusu kupotoka kwa kumbukumbu, ni kweli, mzee aweza kusahau. Kwani karatasi haipotoki? Maandishi yaliyo juu ya lango la Fort Jesus yalichongwa ili kumsifu kapteni, wala hatuyatupi kwa sababu hiyo. Tunayasoma kwa uangalifu na kuyalinganisha na mengine. Tuyafanyie hivyo hivyo maneno ya wazee. La nyanya nililinganisha na kumbukumbu za serikali, likasimama.

Na kuhusu mtihani, sikuona hasara yoyote. Wanafunzi wangu waliorudi na neno mzinga kutoka ukutani hawatalisahau, ilhali waliopiga mistari chini ya mwaka wa 1593 waliusahau kabla hatujavuka daraja la Nyali. Mtaala wa umilisi tunaoambiwa tuutekeleze unataka mwanafunzi atende, agundue na aeleze. Ziara ya siku moja yaweza kufanya yote matatu, mradi tuiandae.

Basi napendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji fedha zaidi ya zile mnazolipia basi.

Kwanza, kabla ya safari, kila mwanafunzi aulize nyumbani swali moja: mahali tuendako mwapaitaje, na nani katika jamaa zetu aliwahi kufika? Aliandike jibu kwa maneno yale yale ya aliyejibu, bila kusahihisha hata herufi moja. Asiye na mzee wa pwani atakuwa na mzee wa mahali pengine, na kila mahali pana boma, kituo cha zamani cha polisi, au mti waliohukumiwa watu chini yake.

Pili, mkifika, karatasi zikunjwe kwa saa ya kwanza. Wanafunzi watazame, kisha wavipe majina ya Kiswahili vitu kumi wavionavyo. Wakishindwa, wamuulize kiongozi wa wageni, na wamuulize kwa Kiswahili. Wengi wa viongozi hao ni hazina ya lugha ambayo hatujaiomba ifunguke.

Tatu, mkirejea, waandike insha. Na mwalimu anaposhika kalamu nyekundu, kabla hajalikata neno asilolitambua, amuulize mwanafunzi: hili umelitoa wapi? Jibu likiwa ni "nimekosea," likate. Jibu likiwa ni "nyanya ndivyo asemavyo," weka kalamu chini kwanza usikilize.

Insha ya msichana yule ilinifikia wiki mbili baadaye. Ilikuwa ya kurasa nne, na ilieleza ngome nzima kama mtu amwelezaye kipofu: lango hivi, ua vile, ukuta unaotazama bahari, njia ya matao inayoteremka. Hakutaja mwaka hata mmoja. Kila mahali ambapo wanafunzi wenzake waliandika Fort Jesus, yeye aliandika Gereza, kwa herufi kubwa.

Sikulisahihisha.